Giaboksi ya Gari la Zamani: Ununue Iliyotumika au Ufumue ya Kwako?

Gari lililotembea miaka mingi likianza kuchelewa kushika gia, au injini ikivuma bila mwendo kuongezeka, mwenye gari hukabiliwa na swali ambalo jibu lake huweza kumgharimu karibu thamani ya gari lenyewe: je, atafute giaboksi iliyotolewa kwenye gari jingine, au ya kwake ifumuliwe na kujengwa upya? Wengi hulinganisha bei mbili na kuchukua iliyo ndogo. Mimi naiweka bei katika nafasi ya tatu. La kwanza ni kujua kwa hakika kilichoiua giaboksi iliyomo, na la pili ni kuelewa unacholipia. Anayenunua giaboksi iliyotumika ananunua historia, yaani namna gari lile lilivyoendeshwa, lilivyobebeshwa mizigo na lilivyobadilishwa oili, ilhali anayefumua ananunua mkono wa fundi. Kati ya hivyo viwili, chagua kile unachoweza kukihakiki. Mtu mwenye fundi hodari wa giaboksi na mtu asiye naye hawapaswi kufikia uamuzi mmoja, hata kama magari yao ni pacha.

Hakikisha kwanza kwamba giaboksi ndiyo mbovu

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu giaboksi nyingi hushushwa bila kosa. Anza na oili. Giaboksi ya otomatiki hutumia oili si kwa kulainisha tu, bali pia kwa kusukuma pistoni zinazobana klachi pleti za ndani; ikipungua, pampu huvuta hewa, presha hushuka, na gia huteleza kana kwamba pleti zimekwisha. Katika magari mengi kipimo huchukuliwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa ya moto, lakini baadhi ya watengenezaji, Honda miongoni mwao, kwa magari yao mengi huelekeza ipimwe mara tu baada ya injini kuzimwa, na magari mengine hayana kabisa kijiti cha kupimia: usawa hutazamwa kwa kufungua bolti maalumu chini ya giaboksi, oili ikiwa katika joto lililotajwa kwenye kitabu cha gari. Fuata kitabu cha gari lako.

Ukiivuta oili hiyo, itazame na uinuse. Oili ya hudhurungi bila harufu ni ya zamani tu. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema pleti zimeungua. Oili ya rangi ya waridi iliyochanganyika kama maziwa inasema maji ya rejeta yameingia, na hiyo ni habari mbaya kuliko zote, kwa sababu maji hayo hulegeza gundi inayoshikilia utando wa msuguano kwenye pleti, na giaboksi iliyoyanywa mara chache huponywa kwa kubadilisha oili peke yake.

Baada ya oili, omba gari lisomwe kwa mashine ya kupima hitilafu. Namba P0700 haitaji ugonjwa wowote. Kazi yake ni kuarifu kwamba kompyuta ya giaboksi imehifadhi hitilafu nyingine, na hiyo nyingine ndiyo ya kutafutwa. P0730 inamaanisha uwiano wa gia haulingani na ulioagizwa, jambo linaloashiria kuteleza. Namba zinazoanzia P0750 na kuendelea kidogo huelekeza kwenye solenoidi (valvu ndogo za umeme zinazoelekeza oili) na nyaya zake, na katika magari mengi solenoidi hufikiwa kwa kufungua sampu tu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, giaboksi ikiwa mahali pake. Maunti ya injini (mpira unaoishikilia injini mahali pake) iliyokatika nayo hutoa kishindo unapotia D au rivasi, na injini inayokosa moto katika silinda moja hutetemesha gari kwa namna inayofanana sana na ubovu wa toku konveta, chombo chenye oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi ya otomatiki. Nimekwisha kuona gari likitengwa kwa ajili ya kubadilishiwa giaboksi, na mwishowe likapona kwa plagi na koili.

Sampu ikifunguliwa, tazama sumaku iliyo ndani. Tope laini la kijivu lililoshika sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho, chembe za rangi ya shaba, au unga mweusi uliojaa chini ya sampu, ndivyo vinavyothibitisha kwamba ndani kumeharibika.

Kwa giaboksi ya kubadilisha gia kwa mkono kuna jaribio rahisi. Ikiwa gia zinaingia bila shida injini ikiwa imezimwa, lakini zinakataa au zinasaga ikiwa inawaka, kosa kwa kawaida liko kwenye klachi isiyoachia vizuri. Ikiwa mlio wa beringi unasikika gari likiwa nyutro na kutoweka unapokanyaga klachi, beringi ya shafti ya kuingizia nguvu ndiyo inayoshukiwa. Gia moja tu inayosaga, hasa ya pili, huashiria sinkronaiza yake, yaani pete inayolinganisha mwendo kabla gia haijaingia, imelika.

Kufumua, kurekebisha na kuunda upya kiwandani

Wauzaji na mafundi huyatumia maneno haya kwa ulegevu, na hasara nyingi huanzia hapo. Kurekebisha ni kufungua giaboksi na kubadilisha kilichovunjika pekee, vingine vyote vikibaki na umri wake. Kufumua na kujenga upya, au ovahoo kamili, ni kuitenganisha yote hadi kipande cha mwisho, kuiosha, kubadilisha kila kinacholika au kukauka, kwa maana ya klachi pleti za msuguano, oili sili, pete za mpira, gasketi na chujio, kisha kupima vipande vigumu kama shafti, beringi, bushi, pampu na seti za gia za sayari (gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati), na kubadilisha vilivyopita kipimo. Kuundwa upya kiwandani ni ovahoo iliyofanywa kwa utaratibu mmoja kwa giaboksi nyingi za aina ileile, kasoro zinazojulikana za aina hiyo zikirekebishwa, na kila moja ikiendeshwa kwenye mashine ya majaribio kabla ya kuuzwa. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye bei kubwa na, kwa kawaida, dhamana ndefu.

Ukiambiwa giaboksi imefanyiwa ovahoo, uliza vilivyobadilishwa, na uombe orodha yake kwa maandishi. Muuzaji anayejibu kwamba «kila kitu kipya» bila kutaja hata kipande kimoja hajakujibu.

Ukielekea kwenye iliyotumika

Anza na namba kabla hujaangalia bei. Magari mawili ya jina moja, mwaka mmoja na rangi moja yanaweza kuwa na giaboksi tofauti, kwa sababu ya ukubwa wa injini, idadi ya gia, magurudumu mawili au manne yanayosukuma, au soko lililokusudiwa. Toyota, kwa mfano, huandika alama ya giaboksi kwenye kibati cha utambulisho wa gari, katika mstari wa maneno TRANS/AXLE; watengenezaji wengine huichapa kwenye ganda la giaboksi yenyewe. Linganisha alama hiyo herufi kwa herufi, pamoja na uwiano wa difu, maana giaboksi inayofunga kwenye injini bila tatizo inaweza kuwa na uwiano mwingine, na spidi ikasomeka vibaya au kompyuta ikakataa kubadilisha gia kwa mpangilio. Tazama pia soketi za nyaya: idadi ya pini na umbo lake vilingane na vya kwako.

Kisha uulize habari za gari ilikotoka. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, ningependelea lililogongwa nyuma, kwa sababu giaboksi yake ilikuwa mbali na pigo, na gari lenyewe lilikuwa likitembea hadi siku ya ajali. Gari lililoachwa kwa sababu injini ilikufa kwa joto hunitia wasiwasi, kwani katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta ileile, na rejeta iliyoshindwa kuipoza injini haikuweza kuipoza giaboksi. Gari lililozama kwenye mafuriko nisingegusa giaboksi yake hata kwa bure. Kilomita zilizotembewa ni muhimu, ila kipimo hicho hupotosha kikisimama peke yake: giaboksi ya kilomita 150,000 za barabara kuu, iliyobadilishwa oili kwa wakati, inaweza kuwa imechoka kidogo kuliko ya kilomita 80,000 za foleni, joto na mizigo.

Kama giaboksi bado iko ndani ya gari lake na gari linawaka, omba kulijaribu, au angalau kurekodiwa video ikionyesha namba ya chesisi, kilomita, na jinsi inavyoshika D na rivasi. Rivasi inafaa kupewa uzito wa pekee, kwa sababu katika giaboksi nyingi gia hiyo huhitaji presha kubwa ya oili, na udhaifu huanza kujionyesha hapo. Ucheleweshaji wa zaidi ya sekunde moja au mbili oili ikiwa ya moto ni sababu tosha ya kuondoka.

Kama imekwisha kushushwa, kazi yako ni ngumu zaidi, lakini si bure kabisa. Chota oili iliyobaki, uitazame kwenye karatasi nyeupe na uinuse. Zungusha shafti kwa mkono na usikilize kama inakwaruza. Kagua masikio ya bolti kama hayana ufa, na matundu ya mabomba ya kipoza oili kama yalizibwa. Giaboksi iliyolala wazi nje, mvua na vumbi vikiingia, haistahili kuitwa nzima hata kama ilitoka kwenye gari bora. Omba ruhusa ya kufungua sampu. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu, ingawa namwelewa anayehofia gasketi yake kuharibiwa; kwa huyo, jitolee kulipia gasketi mpya.

Mwisho, soma dhamana kwa makini. Dhamana nyingi za giaboksi zilizotumika humrudishia mnunuzi giaboksi nyingine au fedha ya giaboksi, lakini hazilipi gharama ya fundi kuishusha na kuipandisha tena, wala oili iliyomwagika. Gharama hizo ndizo zinazouma. Tena mara nyingi muda wa dhamana huanza kuhesabiwa siku uliyonunua, si siku ilipofungwa, kwa hiyo usinunue leo ukiwa na mpango wa kufunga baada ya miezi miwili.

Ukielekea kwenye kufumua

Fundi mzuri wa magari si lazima awe fundi mzuri wa giaboksi za otomatiki. Kazi hii inahitaji usafi wa meza, vifaa maalumu vya kubana springi, vipimo vya nafasi kati ya pleti, na kitabu cha aina ile hasa ya giaboksi. Valvu bodi, ambalo ndilo kitovu cha mwongozo wa oili, lina vijia vyembamba ambavyo uzi mmoja wa kitambaa cha kufutia unaweza kukwamisha valvu yake. Kwa hiyo tembelea karakana kabla ya kukabidhi gari, na utazame kama kuna sehemu safi iliyotengwa kwa kazi hii. Muulize fundi ni giaboksi ngapi za aina yako alizozifumua, na ni ugonjwa gani unaozisumbua zaidi. Fundi mzoefu wa aina hiyo atakutajia ugonjwa huo papo hapo, kwa sababu takriban kila aina ina udhaifu wake: nyingine ngoma yake, yaani kopo la chuma linalobeba klachi pleti, hupasuka, nyingine bushi ya pampu hulika, nyingine valvu fulani hulegea ndani ya kijia chake. Ovahoo isiyogusa udhaifu huo hurudisha ugonjwa uleule baada ya muda.

Mwombe pia akuitie uone vipande vikiwa wazi, kabla hajaanza kununua. Hapo ndipo gharama ya kweli hujulikana. Kama vilivyoharibika ni pleti na sili, hesabu itabaki karibu na makadirio; kama ngoma, pampu au seti ya sayari imevunjika, bei inaweza kupanda ghafla, na hapo ni halali kabisa kubadili uamuzi na kutafuta iliyotumika. Kubaliana mapema kuhusu gharama ya kufungua tu, ili usijikute umefungwa na kazi iliyokwisha kuanza.

Toku konveta ni sehemu ambayo sikubali maafikiano. Ndani yake hubaki oili chafu na vipande vya pleti visivyoweza kuoshwa bila kulikata ganda lake, na konveta ina klachi yake ambayo nayo hulika. Anayefumua giaboksi iliyoungua na kurudisha konveta ileile anamwagia uchafu wa zamani ndani ya kazi mpya siku ya kwanza.

Hesabu yenyewe

Tuchukue vizio visivyo vya fedha yoyote. Tuseme giaboksi iliyotumika ni 40, kazi ya kushusha na kupandisha ni 20, na oili, sili na chujio ni 8. Jumla ni 68. Tuseme kufumua, pamoja na konveta, ni 90, ukiongeza kazi na oili inakuwa 118. Kwa macho ya siku hiyo, iliyotumika inashinda kwa vizio 50. Lakini ikifa baada ya dhamana, utarudia 68 nyingine na kufikia 136, ukiwa umepoteza pia siku za gari kulala karakana mara mbili.

Sasa igawe kwa miaka. Ikiwa unakusudia kubaki na gari miaka miwili tu, 68 ni 34 kwa mwaka na 118 ni 59 kwa mwaka. Hapo kufumua hakuna mantiki, isipokuwa kama giaboksi nzima zilizotumika hazipatikani. Ukikusudia kubaki nalo miaka sita, na iliyofumuliwa ikadumu yote sita, ni chini kidogo ya 20 kwa mwaka, wakati mbili zilizotumika kwa kipindi hicho zitakuwa karibu 23. Tofauti hiyo ni ndogo, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kufumua daima ni bora. Weka bei za kwako mahali pa hizi zangu, kisha uwe mkweli kuhusu miaka.

Ukweli huo unahusu mwili wa gari pia. Kutu iliyokula chesisi au injini inayokunywa oili hufupisha miaka ya gari bila kujali giaboksi, na giaboksi bora kuliko gari ni fedha ambayo mnunuzi wa baadaye hatakurudishia. Kabla ya kulipia kufumua, pima kompresheni ya injini na uliinue gari utazame chini.

Aina ya giaboksi hubadili jibu

Giaboksi ya kubadilisha kwa mkono, kwa kadiri nionavyo, ifumuliwe karibu kila mara ikiwa vipuri vipo, maana vinavyolika ni vichache: beringi, sinkronaiza na sili. Akishaishusha, fundi abadilishe klachi, beringi ya kuachilia, na sili ya nyuma ya injini, kwa sababu kazi ya kuvifikia umekwisha kuilipia. Awe mwangalifu na oili: giaboksi nyingi za aina hii hutaka daraja la GL-4, na baadhi ya oili za GL-5 zina viongezi vinavyoweza kuidhuru shaba ya sinkronaiza.

CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua, ni jambo tofauti. Mkanda wa chuma na puli zake vikishachubuka, hakuna kuvisugua vikarudi; vinabadilishwa kwa seti, na bei ya seti mara nyingi hukaribia bei ya giaboksi nzima. Kwa CVT ya gari la zamani ningetafuta iliyoundwa upya kiwandani, au iliyotumika yenye historia inayothibitika, na nisitie oili nyingine yoyote isipokuwa ile iliyoandikwa na mtengenezaji.

Zile zenye kompyuta ndani ya giaboksi yenyewe, kama 722.9 ya Mercedes-Benz, zina kizuizi kingine: kompyuta hiyo hufungamanishwa na gari lake, na ukifunga giaboksi kutoka gari jingine ni lazima kompyuta yako ya zamani ihamishiwe ndani yake, au iliyokuja iandikwe upya na mtu mwenye kifaa kinachofaa. Mtafute mtu huyo kabla ya kununua.

Siku ya kufunga

Niliwahi kufungiwa giaboksi iliyotumika iliyokuwa nzima kabisa, ikafa kabla ya miezi minne. Ilipofunguliwa, chujio lilikuwa limejaa unga mweusi usiokuwa wake: ulitoka kwenye kipoza oili na mabomba, ambavyo hakuna aliyeviosha baada ya giaboksi ya kwanza kuungua. Tangu hapo sisaini kazi yoyote isiyoandika wazi kwamba kipoza kitaoshwa kwa kusukumwa dawa hadi oili itoke safi, au kitabadilishwa. Ikiwa giaboksi ya kwanza ilikunywa maji, rejeta ibadilishwe bila majadiliano.

Konveta ikae hadi mwisho kwenye pampu kabla giaboksi haijasogezwa kwenye injini. Fundi huizungusha huku akiisukuma, na huisikia ikidondoka hatua kwa hatua, mara nyingi tatu. Giaboksi ikiachwa ivutwe na bolti huku konveta haijakaa, pampu ya mbele huvunjika, na giaboksi mpya inakufa kabla gari halijatoka karakana. Nafasi ndogo kati ya konveta na flaiwili (sahani inayozunguka nyuma ya injini) baada ya kufunga bolti za ganda ndiyo inayothibitisha kwamba imekaa sawa, omba uonyeshwe.

Baada ya hapo kompyuta ifutwe mazoea yake ya zamani na ifundishwe upya kwa utaratibu wa mtengenezaji. Kilomita mia kadhaa za mwanzo usivute tela wala usikanyage hadi mwisho. Oili ipimwe tena baada ya wiki ya kwanza, na chini ya gari patazamwe kama hapavuji. Giaboksi ya zamani, kama hukuitoa kwa muuzaji kwa makubaliano ya kubadilishana, usiiuze chakavu kabla dhamana ya iliyofungwa haijaisha: iliyofungwa ikifa, ganda, ngoma na gia zilizo nzima ndani ya ile ya zamani ndizo zitakazopunguza bei ya kufumua.